Gauni la Kijani Kwenye Televisheni

Dada Zuhura,

Birmingham nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Nimekupata! Kile kipindi chenu cha nyimbo na vichekesho, cha enzi televisheni bado ni mgeni kwetu, kimepatikana kizima, nawe umo ndani unaimba. Pale Ladypool Road nikiingia kunywa chai, watu wananipisha kiti. Mimi ndugu wa staa, mchezo?

Najua utasema, "Sudi, punguza chumvi." Hata kaburini utasema.

Unakumbuka Mama alivyokushonea lile gauni? Mlikuwa wasichana watatu, naye akaapa mwanawe hatachanganywa na watoto wa watu. Akachagua kijani cha kuumiza macho, tukuone tangu mbali. Nyumbani hatukuwa na televisheni, basi jioni ile tukaenda ukumbi wa mtaa, kwenye ile iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao. Mlinzi akaja na ufunguo, maringo kama anafungua benki. Baba kavaa koti lake la harusi. Picha ikaja. Loo! Wasichana watatu, wote kijivu.

"Wangu yuko wapi?" Mama akauliza. "Sudi, wewe mwenye macho, yuko wapi?"

Nikamwonyesha wa kushoto. Kumbe siye. Wa katikati akafungua mdomo, sauti ikatoka, na Mama akasimama mbele za watu: "Zuhura! Umekula?"

Ukumbi ulicheka mpaka wimbo ukaisha. Wewe hukujiona, maana mlikuwa mnaimba kule studio saa ileile tuliyokuwa tunawatazama. Usiku ulifika mlangoni kwetu na gauni lako, hata viatu hujavua. "Nilionekanaje?" Nikakwambia, "Kama kidole gumba kinachoimba." Kiatu kikanipata mgongoni. Halafu ukasema, sasa kwa sauti ya chini, "Siku moja unitafutie, na mimi nijione."

Hapa mtaani kwetu, Sparkbrook, nina mjukuu, Salma, kazaliwa huku huku. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Huwa anaimba akiosha vyombo. Juzi kaniuliza, "Babu, do I sound like her?" Nikamjibu, "Wewe? Ukiziba macho ni yeye!" Akafurahi, akazidisha sauti. Mimi nikageukia dirishani. Kwa sababu, dada, gauni nalikumbuka, kiatu nakikumbuka, hata ufunguo wa yule mlinzi naukumbuka. Sauti yako imenitoka. Nikiitafuta, ninayoipata ni ya Mama: umekula? Na katika wote waliokuwa ukumbini, wa kumuuliza simjui. Nimebaki mimi, na mimi ndiye nimesahau.

Salma kaisikia habari ya kipindi, kawaalika wenzake Jumamosi waje wakutazame. "I'll do mandazi, Babu. You just bring her." Yaani yeye apike, mimi nikulete wewe.

Nilipiga simu kituoni kule nyumbani. Kijana akanijibu kwa adabu: "Mzee wangu, enzi hizo mtu akiimba, inaenda hewani moja kwa moja, basi. Hakuna aliyerekodi."

"Tafuta vizuri, mwanangu."

"Mzee, hakuna pa kutafuta."

Nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Jumamosi inakuja na sijui nitamwambia nini Salma.

Basi pumzika, dada, na Mama akikuuliza, mwambie umekula. Ile bahati niliyoanza nayo hapo juu ni uongo. Sikukupata.

Mdogo wako,
Sudi