Wimbo wa Liborio na Wafuaji wa Vomero

Napoli,
2 Septemba 1843

Mpendwa dada Nunziata,

Salamu hizi zivuke bahari zikukute mzima huko Montevideo. Je, kifua kimepoa? Baridi ya huko imekwisha? Sisi hatujambo; Mama analalamikia magoti, nami nalalamikia kila kitu.

Ndugu yetu Liborio ametunga wimbo mpya. Ukiusikia, unajiona umelala juu ya maji yasiyo na haraka. Lakini unamjua Don Saverio mpiga chapa: miaka ishirini anatoa nyimbo za Liborio kwenye karatasi za sikukuu ya Piedigrotta, na juu yake anaandika "wimbo wa watu". Safari hii nilimvamia dukani.

"Don Onofrio, umekuja kunigombeza tena?"

"Nimekuja kukufundisha kuandika. Liborio Scognamiglio. Haya!"

"Jina refu hivyo, maneno ya wimbo niyaweke wapi?"

Nilimtishia kumwanika gazetini. Akanywea: Liborio aje Jumamosi, aandike jina lake mwenyewe kwenye jiwe la chapa.

Jumamosi tukateremka kupitia kisima cha Vomero. Mashuka yalikuwa yamevimba kwa upepo kama mawingu yaliyofungwa kamba, na wafuaji nguo walikuwa wakiuimba wimbo uleule, walioudaka dirishani kwake. Ila mwisho, pale Liborio anaposhusha sauti, wao waliipandisha wakaiacha ielee. Liborio akasimama, amefumba macho, kisha akamuuliza mfuaji mmoja mzee:

"Mama, mwisho huo mmeutoa wapi?"

"Ndivyo ulivyo tangu enzi za bibi yangu."

"Bibi yako!" nikafoka. "Ametunga huyu, mwezi wa Juni!"

"Jamani, mwenye ndevu ana homa. Mchovyeni majini!"

Liborio akaketi kwenye povu lao, akaomba afundishwe. Nadhani tulikaa saa nzima. Sikumbuki hata kengele ya kanisa.

Dukani aliandika mwisho wa wafuaji. Mahali pa jina akapaacha patupu.

"Mwisho si wangu, Onofrio. Nikitia jina, nitakuwa Saverio wa pili."

Nimebishana naye siku tatu, nimeshindwa. Bado nasema amekosea: asiye na jina leo, kesho watasema hakuzaliwa.

Wasalimie shemeji Cosimo na binti yako Assunta. Mama anakuombea, na Bikira akufunike kwa vazi lake.

Nakutumia karatasi ya kwanza kutoka chapani. Jina lililo juu yake nimeliandika mimi, kwa wino wangu, lote. Liborio hajui. Uimbeni huko, na kila atakayeuliza, mtajieni.

Nduguyo, mgomvi anayekupenda,
Onofrio