Usifue Hicho Kitambaa

Kahindo, mujukuu wangu,

Miaka mbili haujakanyaga Butembo! Goma iko ng'ambo ya dunia? Sisi tuko salama, babu yako anakohoa tu. Masika wa jirani ndiye ananiandikia hii barua.

Unauliza kama ni kweli jua la asubuhi litamuponesha mutoto wako wa wiki tano, mwenye macho ya manjano. Wakati wa vita nilizaa Kakule, mujomba wako mwenye haukumuona. Naye alikuwa manjano. Kila asubuhi nilimuanika kama mihogo. Vitambaa vyake nilivifua mbio, mama mukwe asione uchafu. Alipofikisha miezi tatu, infirmière, muuguzi wa dispensaire, akauliza: "Choo chake kiko rangi gani?"

Nikajisifu: "Mimi ni mama safi, choo hakilale kwangu!"

"Kesho leta kitambaa chenye haujafua."

Alipokifungua, choo kilikuwa cheupe kama fufu ya muhogo. Akasema pole pole: "Mama, njia ya nyongo imeziba. Angepasuliwa mapema, angepona."

Mengine siyasemi. Batu banasema ni vita ilimuua. Vita ilifunga barabara, ndiyo, lakini sabuni yangu ilitangulia kufunga macho yetu.

Donc leo, hapana kesho, peleka mutoto kwa docteur, na kitambaa kichafu mukononi. Hata choo kikiwa na rangi nzuri, bapime damu.

Na siku utakuja hapa, usifue kitu njiani. Leta mutoto na vitambaa vyake vyote vichafu. Nitaviangalia, kisha nitavifua mimi.