Sentensi Niliyoiruka Tulipoinua Lori

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Shemeji na mtoto hawajambo? Kifua chako kimepona, au baridi bado inakusumbua? Sisi ni wazima, ukiwauliza majirani. Mama bado yuko kwa bibi, mwezi wa tatu huu anamuuguza. Nyumba imebaki na watu wawili wasiojua kuongea. Tunakula, baba anasema "haya," mimi naosha sahani mbili. Basi, siku imeisha.

Springi na shokapu ulizomtumia baba zilifika salama. Alitaka kuliinua lori siku ile ile, maana tumbo lake linakwaruza mawe kila safari. Zamani hiyo ilikuwa kazi yenu wawili. Safari hii aliniita mimi.

Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa lugha ya shuleni kwetu, kwa hiyo nilisoma mimi, nikamfasiria. Kaka, karatasi ile inaamuru tu: fanya hiki, usifanye kile. Nitamwamuruje baba? Nikawa nalainisha. "Wanaomba uzuie magurudumu ya nyuma kwa magogo, baba." Akazuia. "Wanaomba stendi za chuma zikae chini ya chasisi, huku na huku." Akaziweka, akashusha jeki, uzito wote ukakaa juu ya stendi.

Ndipo nikaiona sentensi ya juu kabisa, niliyoiruka: gari liinuliwe kwenye sakafu ngumu, kamwe si kwenye udongo. Nasi tulikuwa uani, pale pale ninapomwaga maji ya kufulia! Baba alikuwa ameloa jasho. Niliona haya kumwambia aanze upya. Nikaikunja karatasi.

Seremala akachungulia juu ya ukuta. "Mzee, msaidizi wako mbona bubu? Ukibanwa huko chini atakuandikia barua!"

"Niachie binti yangu," baba akajibu kutoka uvunguni mwa lori. "Huyu hasemi ovyo. Akisema, ujue kuna jambo."

Kaka, niliuona mguu wa stendi ya kulia ukizama polepole. Niliuona. Nikaikunja karatasi mara ya pili. Baba akatoka mwenyewe, kufuata spana namba kumi na tisa. Hata magoti hajayapangusa, lori likalala upande. Kishindo kilitikisa madirisha.

Aliketi chini, akasema, "Mungu yupo." Kisha akanishukuru, eti nilisoma vizuri, kosa ni lake, uzee huo.

Juzi alimalizia kazi kwenye sakafu ya zege ya seremala. Lori limenyanyuka, zuri kweli. Lakini yeye anaitazama mikono yake tu. Anasema macho yake hayafai tena, ni heri aliuze. Kesho mnunuzi anakuja kuliona.

Sijamwambia. Nimeanza na wewe kwa sababu uko mbali, hunitazami usoni. Sasa hivi yuko nje analiosha, peke yake. Bahasha iko wazi hapa mezani, na siifungi mpaka nitoke nikamwambie kwa mdomo wangu. Kwa hiyo ukiipata barua hii, jua nimesema.

Msalimie sana Shemeji. Mungu awafunike nyote, pamoja na huyo mdogo ambaye bado sijambeba.

Akupendaye hata akinyamaza,
Mdogo wako, kitinda mimba.