Diski ya Maalim Salim

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi, na feni ya ofisini ilikuwa yazungusha joto lile lile. Nimerudi nyumbani Tudor, nimeoga, chai yapoa mbele yangu, wala sina hamu nayo.

Niandike yote, hata yanayoniaibisha.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwahubiria wenzangu Linux. Tuko watano, waandishi wa programu, ghorofa ya pili huko Ganjoni. Twatengeneza mifumo ya zahanati na maduka ya dawa. Niliwaambia ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, tena wa bure, ndani yake uko wazi, mtu aweza kuufungua na kuurekebisha apendavyo, na seva zetu zenyewe, zile kompyuta kuu zihifadhizo kazi zetu sote, zautumia tayari. Walinicheka. Mwishowe mkubwa wetu, Bi Zuhura, akaniruhusu nijaribu kwenye kompyuta moja.

Maalim Salim akajitolea ya kwake. Ndiye mwenye umri kutushinda sote. Alisomesha hisabati miaka mingi kabla ya kujifunza kazi hii, ndiyo maana twamwita maalim. Aliniambia jambo moja tu: sehemu ya pili ya diski nisiiguse, kwani ndimo ilimo kazi yake ya zahanati, na hajaipeleka kwenye seva.

Nilimsikia.

Lakini wenzetu walikuwa wamesimama nyuma yangu wakitazama, nami nilitaka waone wepesi wa mfumo huo. Kompyuta iliponiuliza mfumo uingie wapi, nikachagua kufuta diski nzima, nikabonyeza, huku naongea. Nilitambua kosa langu kazi ilipofika nusu.

Sikuacha kuongea.

Hayo yalikuwa wiki iliyopita. Walipotawanyika nikamwambia Maalim, nikamwomba radhi. Siku mbili tulijaribu kuziokoa faili, tukapata vipande visivyofaa kitu. Kazi ya wiki tatu. Hakunikemea. Alisema ataandika upya, na nisimwambie mtu, maana wenzetu wataukimbia mfumo na mimi nitavunjika moyo. Nikakubali upesi mno.

Leo asubuhi kikaoni Bi Zuhura aliuliza mbona kazi ya zahanati haijawa tayari. Maalim akainamisha macho.

"Nimezembea mimi," akasema.

Mtu ambaye hajawahi kuchelewesha kazi hata mara moja.

Bi Zuhura akamkanya mbele yetu, kwa adabu, lakini akamkanya. Kisha akanigeukia kwa uso mkunjufu: kompyuta zote zilizobaki nizihamishie kwenye Linux Jumatatu. Wale wale walionicheka wakanipigia makofi. Siku hii nimeitamani sana, na ilipokuja sikuona pa kutokea. Nikisema kweli, navunja ahadi niliyompa Maalim. Nikinyamaza, napanda juu ya mgongo wake.

Nikanyamaza. Nikatabasamu, hata.

Baada ya swala ya alasiri sikuweza tena. Niliingia kwa Bi Zuhura nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, wala hakufoka. Alisema Jumatatu iko pale pale, ila sitagusa mashine ya mtu kabla sijaona kwa macho yangu kuwa nakala ya kazi yake iko kwenye seva. Halafu akauliza, taratibu, kwa nini Maalim alimdanganya mbele ya watu.

Hilo sikuwa nimeliwaza.

Nilimkuta Maalim ngazini, ateremka kwenda zake. Nilidhani nampelekea habari njema. Nilipomaliza kumweleza aliweka mkono juu ya ukuta.

"Nani alikutuma, Rukia?"

"Sikuweza kukuona wachukua aibu yangu, Maalim."

"Naliichukua kwa hiari yangu. Asubuhi nalikuwa mzembe. Sasa mimi ni mwongo pia."

Akateremka. Yeye ambaye haondoki mahali bila kuaga.

Simu imelia mara tatu tangu nifike. Wenzangu wataka kujua nitaanza na kompyuta ya nani. Nimewajibu wote kwamba tutaonana kazini. Siwezi kurudi nyuma, maana nimewavuta mimi mwenyewe. Na mbele sioni nitawezaje kupita kando ya meza ya Maalim nikiwa nimebeba mfumo wangu.

Nilisema kweli kwa ajili yake, au ili nipumue mimi? Najiuliza, na jibu silipendi.

Kesho ni Ijumaa, siku fupi. Sitamwomba radhi tena. Maneno yangu yameshamchosha. Nitamwomba anigawie nusu ya kazi ile niiandike upya.

Akikataa je?