Soli ya Tabaka na Kifungu cha Saba

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE (CHA DHARURA) CHA KAMATI YA CHAMA CHA MAFUNDI VIATU

Siku: Jumamosi, tarehe 9 ya mwezi wa sita
Mahali: Chumba cha nyuma cha karakana
Kuanza: Saa 4:10 asubuhi (kilipangwa saa 3:00)

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti
Mama Soli, mjumbe, mbunifu wa soli inayojadiliwa (Mwenyekiti ni mdogo wa marehemu mumewe)
Fundi Kimya, mjumbe, mchongaji wa kalibu (miguu ya mbao ya kushonea viatu)
Katibu, binti wa Mama Soli
Wakili, mwalikwa

ASIYEHUDHURIA
Mweka Hazina, anauguza

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwataka wajumbe waseme kwa ufupi, kisha akasema yeye kwa dakika ishirini.

Katibu alitangaza kwamba ana maslahi katika shauri hili: mguu wake wa kushoto ni mfupi, na soli ya kwanza ilishonwa kwa ajili yake alipokuwa na miaka saba. Wakili alishauri asipige kura. Kikao kiliridhia aendelee kuandika, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka.

KUMB. NA. 2/4: RASIMU YA MKATABA WA LESENI

Mwenyekiti alieleza kwamba kiwanda cha viatu kimeomba leseni ya kutengeneza soli ya tabaka kwa miaka kumi. Kwa faida ya Wakili ilielezwa kwamba mtoto mwenye mguu mmoja mfupi akikua, tofauti ya miguu nayo hukua. Soli hii huongezwa tabaka jingine kwa vishikizo vinavyolibana lisiteleze, na kiatu hakitupwi.

Mama Soli aliuliza mazungumzo yalianza lini. Mwenyekiti alijibu, mwezi wa tatu. Aliulizwa kwa nini mwenye soli anaambiwa mwezi wa sita. Alijibu kwamba alitaka kulileta jambo likiwa limeiva.

Mama Soli alisema, "Limeiva, au limeshaliwa, shemeji?"

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Ombi halikuungwa mkono.

Wakili alisema leseni si kuuza. "Ni kama kupangisha chumba, nyumba inabaki yako. Ila kifungu cha saba kinasema leseni hii ni ya pekee kabisa. Hapo umepangisha nyumba nzima, na wewe mwenyewe unalala nje."

Fundi Kimya aliuliza kama yeye akimwongezea mtoto tabaka moja hapa karakana atakuwa amevunja mkataba. Wakili alijibu, "Ndiyo, mzee. Hata hilo moja."

Ilibainika kwamba Mwenyekiti alikwisha kutia herufi za mwanzo za jina lake kwenye kila ukurasa wa rasimu, ingawa hakuweka saini mwishoni. Wakili alisema herufi hizo hazikifungi chama, kwa kuwa kamati haikuidhinisha. Alimwomba Mwenyekiti asishike kalamu mbele ya watu wa kiwanda yeye Wakili akiwa hayupo.

KUMB. NA. 3/4: KUKUBALI AU KUKATAA

Mama Soli alipendekeza rasimu irudishwe na jambo liishie hapo.

Mwenyekiti aliomba asikilizwe bila kukatizwa. Alisema karakana inatoa jozi mbili kwa wiki, na daftari la wanaosubiri lina watoto sitini na mmoja. "Yule wa mwisho nilimwambia baba yake arudi mwakani. Mwakani huyo mtoto mgongo utakuwa umeshapinda. Herufi zile nilitia kwa ajili yake, shemeji. Sikutafuta sifa." Katibu anathibitisha kwamba daftari lipo na hesabu ni sahihi.

Mama Soli alijibu kwamba kiwanda kitatoa vipimo vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa, na mguu wa mtoto haujui vipimo hivyo. "Mimi nampima kila mmoja kwa mikono hii. Sijawahi kumuumiza mtoto."

Fundi Kimya alikohoa, akamtazama Katibu. "Sema, mwanangu. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Katibu aliweka kalamu chini. Aya inayofuata iliandikwa na Wakili.

Katibu alisema kiatu cha kwanza kilimuumiza muhula mzima. Soli ilikuwa ikiteleza upande anapokanyaga, na kifundo cha mguu kilivimba kila jioni. Hakumwambia mtu. Fundi Kimya alikiona kisigino kilivyolika upande mmoja kiatu kilipoletwa kushonwa uzi, akachonga vishikizo siku hiyo hiyo, akavitia, akasema ni vya kurahisishia kuongeza tabaka, wala hakudai chochote. Maumivu yakaisha.

Mama Soli aliuliza, "Mbona hukuniambia, mama?"

Katibu alijibu, "Ulikuwa unakionyesha kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani. Niliona vibaya kukuharibia."

Mama Soli alitoka nje. Kikao kilisimama kwa robo saa. Aliporudi hakukaa. Alisema, "Basi hata mikono yangu haitoshi. Lazima mtu amtazame mtoto akitembea."

KUMB. NA. 4/4: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba leseni itolewe, ila si kwa rasimu hii. Kifungu cha saba kifutwe. Mafundi wa chama waendelee kutengeneza na kuongeza tabaka bila kuomba ruhusa ya mtu. Kila mtoto aliyeuziwa kiatu atazamwe akitembea siku ya kwanza na tena baada ya mwezi, na kiwanda kikilipuuza hilo leseni ife. Muda uwe miaka mitatu. Wakili alitahadharisha kwamba soli imekuwa mitaani muda mrefu, hivyo hataza, yaani haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, huenda isipatikane. Mkataba utaje pia michoro, kalibu na ujuzi wa kupima.

Mwenyekiti alimpigia simu meneja wa kiwanda, wote wakisikiliza. Meneja aliguna kwenye suala la kutazama watoto, akasema litahitaji kuajiri watu. Mwishoni alikubali, kwa sharti kwamba kusiwe na kiwanda kingine. Wakili alisema hilo linawezekana: wao peke yao miongoni mwa viwanda, na chama kibaki na haki yake. Wajumbe wote waliafiki.

KUMB. NA. 5/4: JINA LA MBUNIFU

Kwenye rasimu, nafasi ya mbunifu ilikuwa imejazwa jina la Mwenyekiti. Alilikata mwenyewe bila kuambiwa.

Mama Soli alitaka la Fundi Kimya litangulie. Fundi Kimya alikataa. "Kishikizo bila soli ni msumari tu," alisema, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi ambayo amewahi kuyasema kwa hasira katika chama hiki. Walibishana zaidi ya walivyobishania kifungu cha saba. Wakili alisema sheria haijali nani anatangulia. Majina yote mawili yaliandikwa kwenye mstari mmoja.

KUFUNGA

Shughuli zilimalizika saa 7:25 mchana. Kabla wajumbe hawajainuka, Mama Soli alimtaka Katibu atembee kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Aliinama, akatazama visigino. Aliuliza kama panauma. Katibu alijibu kwamba hapaumi.

Mama Soli alisema, "Tembea tena." Wajumbe walisubiri.

Saini: ........................ Mwenyekiti

Saini: ........................ Katibu