Simiti ya Mgeni

Ndugu yangu mpendwa Wanjala,

Barua njema huanza kwa kusema sisi hapa hatujambo. Nimeanza hivyo mara mbili na mara mbili nimechana karatasi, kwa maana sisi hapa tuna jambo, na wewe unalijua. Tangi la maji lilipopasuka Jumapili, Jumatatu asubuhi ulikuwa umeshapanda gari moshi la Uganda. Hukuaga hata mtoto. Roda bado anauliza mjomba amekwenda kununua nini huko Jinja kisichopatikana Nakuru.

Sikuandikii kukugombeza, ingawa mdomo wangu unaujua. Nakuandikia kwa sababu nimeunguza ugali mara tatu wiki hii.

Wewe ulizaliwa wakati wa njaa, ndiyo maana ukaitwa Wanjala, na mama alipokuwa mgonjwa mimi ndiye niliyekubeba. Ulikuwa mzito na mwenye meno. Bega langu la kushoto lina alama yako hadi leo. Mama alipofariki nikamwambia Baba Roda kwamba sina ndugu mwingine, akaniambia, "Basi mlete, tutabanana." Ukashuka hapa stesheni na blanketi na kuku mmoja aliyekufa njiani, ukatazama vumbi la Nakuru ukauliza kama huku watu wanakula hewa. Tukapasua shuka kuwa pazia, ukalala upande wa dirisha. Baba Roda alikuwa nyapara pale kwenye ujenzi wa tangi. Alikupeleka kwa injinia, yule mzungu tuliyemwita Bwana Kiko, na hakusema wewe ni shemeji yake. Alisema, "Huyu ni mdogo wangu."

Unakumbuka mchungaji alivyokuwa akija kwetu Kimilili? Mama alikuwa na chungu kidogo cha kuku pembeni, na chungu kikubwa cha mboga cha kwetu. Mchungaji alikula, akashukuru, akatangaza kanisani kwamba nyumba ile inakula vizuri. Sisi tuliramba mwiko. Mama akicheka alisema, "Mgeni akionja hiki, hatafunua kile."

Nakukumbusha kwa sababu ya Jumamosi ile uliyorudi kutoka kazini ukipiga mluzi. Nilikuwa nachambua maharagwe. Ulikaa juu ya debe ukaniambia Bwana Kiko amekuchagua wewe, kati ya watu wote, ujaze vile vipande vya mraba vya konkriti vinavyopelekwa Nairobi kuvunjwa na mashine, ili wakubwa wajue kama tangi lina nguvu. Kwa vipande hivyo, ukasema, anakuamuru utie simiti nyingi, uchanganye pembeni, peke yako. Konkriti ya tangi lenyewe ni mchanga mtupu.

Nikakuuliza, "Sasa huko si kudanganya?"

"Dada, si hata mama alikuwa anampikia pastor chungu chake?" ukanijibu. "Na Bwana amesema atanifunza kupima ardhi, mimi nishike ile darubini yao. Wacha maneno."

Ulikuwa na furaha sana. Sijawahi kukuona na furaha kama ile, na inaniuma kuikumbuka.

Tangi lilipasuka watu wakitoka kanisani. Maji yaliangusha ukuta wa Mama Auma na yeye akavunjika mguu. Wote tunasema ni rehema ya Mungu hakufa mtu, lakini ukimsikia anavyoulilia ule mguu utajua rehema nayo ina kipimo. Baada ya hapo ndipo shida ikahamia kwetu.

Mainjinia wenzake Bwana Kiko wametoka Nairobi kumhoji. Wakimwona ana hatia watamvua kazi ya uinjinia, asijenge tena hata choo. Yeye ametulia. Anawaonyesha majibu ya vile vipande vyako, kwamba vilikuwa vigumu kupita ilivyotakiwa. Kwa hiyo, anasema, aliagiza simiti ya kutosha, na kama tangi halikuwa nayo, basi nyapara aliiba. Nyapara ni mume wangu, Wanjala. Mtu ambaye akiokota msumari wa kazi anaurudisha.

Wamemsimamisha kazi. Wakiamua ni mwizi, atafungwa, na nyumba hii ya Bondeni tutatolewa kwa sababu ni ya kazi. Na katika hali hii ya hatari iliyotangazwa na serikali, unajua mwenyewe, mtu asiye na karatasi ya kazi hafiki hata sokoni kabla askari hawajamsimamisha. Kila buti likipita nje mimi nashika Roda.

Kuna mmoja wa hao mainjinia, bado kijana, aliyeuliza swali moja tu: "Nani alijaza vile vipande?" Baba Roda akajibu, "Sikumbuki, Bwana."

Anakumbuka. Nilimweleza yote ulipoondoka. Akaniambia, "Usimtaje. Yule ni mtoto wa nyumba hii, ataozea jela." Tangu hapo hatuzungumzi habari hiyo. Anashinda ameketi mlangoni akinoa panga ambalo halina kazi, na mimi nautazama mgongo wake na kukupenda wewe na kukuchukia kwa wakati mmoja.

Najua unaogopa. Mimi pia naogopa. Labda hawataamini neno la mtu mweusi juu ya mzungu mwenzao. Labda watakufunga wewe na kumwacha yeye avute kiko chake. Lakini ulifanya kwa amri, na mwenye kuamuru yupo hai, ana afya, na anamsukumia mume wangu mzigo wake. Pasipo wewe, vile vipande ni ngao yake. Hakuna mwingine wa kumnyang'anya.

Wanakutana tena Alhamisi ijayo. Barua hii nampa jirani yetu wa reli anayesafiri leo, akupe mkononi. Panda gari la kwanza. Njoo useme mwenyewe, na mimi nitasimama nyuma yako mbele ya wote, nikikushika shati kama ni lazima.

Usipokuja, nitakwenda mimi. Baba Roda hajui. Nitamtafuta yule kijana aliyeuliza, nimwambie aliyevijaza ni ndugu yangu, jina lake ni hili, yuko Jinja. Sikutaka ulisikie kwa askari. Nimetaka ulisikie kwangu.

Roda anakusalimu. Ule vizuri, uvae sweta, mto ule wa huko Jinja una baridi. Mungu akulinde njiani, kwa njia yoyote utakayoichagua.

Mpaka Alhamisi, na baada yake ukikubali,
Dada yako,
Nekesa