Alama ya Kutoa Imeliwa

Mwenzangu, nimejifungia chooni kazini. Nimejaa hasira.

Unamjua Profesa, yule anayetunza maktaba ya kompaila, ile misimbo ya pamoja tunayoundia programu zote? Kaifunga ripoti yangu ya hitilafu mara ya tatu, bila kurekebisha kitu! Eti "kwangu inafanya kazi." Kwake!

Friji ya chanjo ikifika nyuzi -0.5, skrini ya programu yetu inaandika 0.5. Alama ya kutoa imeliwa. Chanjo zinaganda, muuguzi anaona mambo shwari!

Yeye kajaribu -5, ikatoka vizuri, akafunga.

Leo kikaoni nikamwambia, "Jaribu -0.5, niliiandika mstari wa pili." Akanijibu, "Mimi nasoma kichwa cha ripoti tu. Uliandika namba hasi, hukusema zipi."

Kichwa tu! Kichwa tu, jamani!

Bosi akamwamuru ajaribu palepale. Ikatoka 0.5.

Unajua Profesa alisema nini? "Sasa hii ndiyo hitilafu. Ile yako haikueleweka."

Kurudi mezani, nakuta kafungua ripoti mpya kwa jina lake. Maelezo yangu, neno kwa neno. Hata pale nilipokosea nikaandika "fiji" badala ya "friji", kaacha hivyohivyo.